Taa ya Njano Haizimiki

Jumatatu

Leo asubuhi niliwasha gari, taa zote za dashibodi zikawaka kama kawaida, kisha zikaanza kuzimika. Mbili hazikuzimika. Moja ni ile yenye picha ya gari dogo linaloteleza na kuacha michirizi nyuma yake. Nyingine ni ya ABS. Nilizima gari, nikawasha tena. Zilibaki palepale, za njano.

Mke wangu alikuwa ameshakaa, mkoba mapajani. Aliuliza kama tunakwenda au tunaangalia taa. Anafanya kazi hospitali ya Mrara na zamu yake huanza mapema. Tulikwenda.

Gari lenyewe halikuwa na neno. Breki zilishika, usukani ulikuwa mwepesi, injini ilinguruma vizuri. Kilichonisumbua ni usukani kukaa upande. Umeelekea kushoto kidogo hata njia ikiwa imenyooka. Umekuwa hivyo tangu wiki iliyopita, nilipobadilishiwa tairodi baada ya mashimo ya njia za vijijini upande wa Galapo. Aliyeibadilisha aliniambia nitazoea.

Kitabu cha gari kimo kwenye droo ya mbele. Ni kinene na chote ni cha Kijapani, kwa kuwa gari lilikuja kutoka Japani likiwa limeshatumika, kama magari mengi ya mji huu wa Babati. Picha ya gari linaloteleza nimeiona, imo ukurasa wa katikati. Chini yake kuna maelezo marefu na alama ya hatari. Sisomi Kijapani.

Baada ya kufungua duka (nauza mbegu na pembejeo, si mbali na stendi) nilimwachia kijana wangu funguo nikaenda gereji. Mbele yangu kulikuwa na lori la mchele la Magugu, Noah za abiria na trekta lililokuja kwa kuvutwa. Hakuna namba wala daftari. Unamkariri aliyefika kabla yako, naye anamkariri aliyefika kabla yake. Nilikalia tairi kuukuu hadi saa tano. Tairi lilikuwa na maji ya mvua ndani.

Fundi mkuu alitoka chini ya lori, akafuta mikono, akachungulia kupitia dirishani. Hakufungua mlango.

"Mzee, hiyo ni sensa ya usukani. Tafuta nyingine tufunge."

Nilimweleza habari za tairodi na usukani kukaa upande. Akasema hayo hayahusiani. Nikamuuliza amejuaje kwamba ni sensa.

"Hizo taa mbili zikiwaka pamoja ni sensa tu."

Akarudi chini ya lori. Mazungumzo yetu yaliishia hapo.

Jioni nilimsimulia mpwa wangu, ambaye anasoma ufundi umeme. Aliniambia taa hizo mbili zinaweza kuwashwa na sensa ya gurudumu lolote kati ya manne, betri iliyochoka, fyuzi, waya uliokatika, au kompyuta yenyewe ya breki. Kila kimoja kina bei yake. Fundi alikuwa amechagua kimoja kwa kuchungulia dirishani, na atakayelipa ni mimi.

Jumanne

Mpwa wangu alikuja na kifaa kidogo cha kusomea hitilafu. Kinachomekwa kwenye soketi ya matundu 16 iliyo chini ya dashibodi, halafu kinaongea na simu bila waya. Programu ya simu ikadai ipakuliwe upya. Bando likaisha katikati. Nilinunua bando.

Kifaa kilisoma kwa muda, kisha kikaandika kwamba hakuna hitilafu yoyote. Taa mbili zilikuwa zinawaka juu yake, sentimita chache tu kutoka kwenye simu. Mpwa wangu alisoma tena. Jibu halikubadilika.

Alinieleza sababu, na naiandika kwa kuwa inawahusu wengi. Misimbo ya hitilafu za magari huanza kwa herufi. P ni ya injini na gia. C ni ya breki, usukani na magurudumu. B ni ya bodi, na U ni ya mawasiliano baina ya kompyuta moja na nyingine. Soketi ile ilienea duniani baada ya Marekani kuilazimisha kwa magari mapya ya mwaka 1996, na nia yao ilikuwa kudhibiti moshi. Kwa hiyo vifaa vya bei rahisi husoma misimbo ya P na kuishia hapo. Sensa ya usukani iko chini ya kompyuta ya breki, na kompyuta ya breki kifaa chetu hakikuiuliza kitu. Kisichoulizwa hakijibu.

Mchana nilikuwa na mbegu za kupeleka Magugu. Trafiki alinisimamisha. Alikagua leseni, bima, kizimamoto na pembetatu za kuakisi. Vyote vilikuwepo. Kisha akainama, akaona dashibodi.

"Hizo taa vipi, mzee?"

Nilimwambia zinashughulikiwa, na kwamba kipimo cha leo hakikuonesha hitilafu. Alizitazama taa, akanitazama mimi. Akaniambia niende, ila nizishughulikie kweli. Mbegu zilifika zimechelewa na mteja alikuwa ameshanunua kwingine.

Jumatano

Mvua ilianza alfajiri. Mlima Kwaraa haukuonekana kabisa. Mama mkwe yuko Bashnet na alikuwa na homa tangu juzi, hivyo ilibidi twende, taa au bila taa. Ukishapita Dareda unaanza kupanda ukingo wa Bonde la Ufa, kona juu ya kona, na huko juu kuna baridi na ukungu. Mke wangu alibeba chupa ya chai na blanketi. Blanketi lilikuwa la mama, lakini tulilitumia njiani.

Kwenye kona moja yenye matope yaliyoshuka kutoka kwenye ngema, mkia wa gari ulitoka nje. Haukutoka sana. Nilikuwa naenda polepole, nikarudisha usukani, gari likanyooka. Mke wangu alishika mkono wa mlango na hakuuachia hadi tulipofika. Hakusema kitu, nami sikusema kitu.

Hapo nataka nieleze ile taa ina maana gani, kwa kuwa wapo wanaoifunika kwa utepe wa gundi na kuendelea na safari. Kompyuta ya breki inalinganisha mambo mawili wakati wote. La kwanza ni dereva anataka kwenda wapi. Hilo inaambiwa na sensa ya usukani, kifaa cha duara kilichokaa nyuma ya usukani na kuuzunguka mhimili wake. La pili ni gari lenyewe linaelekea wapi. Hilo inaambiwa na sensa nyingine iliyo katikati ya gari, inayopima bodi inavyojizungusha, pamoja na sensa za magurudumu. Mambo hayo mawili yakitofautiana, maana yake gari linateleza. Kompyuta hukamata breki ya gurudumu moja peke yake na kupunguza nguvu ya injini mpaka gari lirudi kwenye mstari. Dereva hawezi kufanya hivyo, maana kanyagio lake la breki hukamata magurudumu yote.

Sensa ya usukani ikisema uongo, kompyuta inabaki bila upande mmoja wa ulinganisho. Inafanya jambo la busara: inajitoa na kuwasha taa. Breki za kawaida zinabaki. Mlinzi ndiye anayeondoka.

Mlinzi huyo si wa zamani sana. Mercedes-Benz na Bosch waliuingiza mfumo huu sokoni mwaka 1995, kwenye gari kubwa la kifahari. Mwaka 1997 waandishi wa magari nchini Sweden walikuwa wanajaribu gari dogo jipya la Mercedes, A-Class, kwa kulikwepesha ghafla namna dereva anavyokwepa mnyama barabarani. Likapinduka. Kampuni ikaamua kuuweka mfumo huo kwenye kila A-Class. Umoja wa Ulaya ukaja kuulazimisha kwa magari yote mapya kuanzia Novemba 2014. Wao walikuwa wanafikiria mnyama mkubwa wa msituni. Sisi tuna punda, ng'ombe na bodaboda zisizo na taa, na tuna kona za Bashnet.

Mama mkwe anaendelea vizuri. Alishangaa tumekuja na mvua yote ile. Kurudi tuliteremka kwa gia ya chini, lori la viazi likitupigia honi nyuma. Lilitupita kwenye kona.

Alhamisi

Niliambiwa kuna fundi umeme wa magari upande wa barabara ya Singida, kijana, mwenye mashine ya kupima ya kweli. Nilifika mapema. Wengine walikuwa wamefika mapema zaidi, na mmoja alikuwa ameacha gari lake usiku kucha ili ahesabiwe wa kwanza. Akaja mtu aliyesema ametumwa na mkubwa wake na mkubwa ana kikao. Tulimpisha. Hakuna aliyemuuliza ni mkubwa gani.

Zamu yangu ilipofika, umeme ukakatika. Mashine ina betri yake, lakini betri ilikuwa imeisha na ndiyo kwanza ilikuwa imechomekwa. Saluni ya jirani ina jenereta ndogo. Ujumbe ulitumwa, mazungumzo yakafanyika, waya mrefu ukapitishwa dirishani. Kila wateja wa saluni walipowasha kikaushio cha nywele, chaji ilisimama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kijana."

"Limeanza lini? Na kuna kitu kilichofunguliwa karibuni?"

Nilimweleza tairodi, usukani unaoelekea kushoto, taa za Jumatatu. Alisikiliza hadi mwisho. Alichana kipande cha boksi akaandika. Wiki nzima nilikuwa nikiisimulia tairodi hiyo, na huyu ndiye wa kwanza kuiandika.

Alianza na betri. Gari likiwa limezimwa, volti 12.4. Likiwa linanguruma, zaidi kidogo ya 14. Akaniambia betri ikishuka sana kompyuta za gari huanza kulalamika kila moja na lake, na watu hununua vipuri kwa ajili ya betri mbovu. Yangu ilikuwa sawa. Akakagua fyuzi. Nazo zilikuwa sawa.

Kisha akaiuliza kompyuta ya breki. Msimbo ukatokea mara moja: C1231, ambao kwa gari la aina yangu unaelekeza kwenye saketi ya sensa ya usukani. Nilidhani tumemaliza. Akatikisa kichwa.

"Msimbo hausemi kipuri kimekufa, mzee. Unasema habari za upande huo haziridhishi. Sasa tuangalie habari zenyewe."

Akafungua ukurasa wa namba zinazosomwa papo hapo. Aliniomba ninyooshe magurudumu. Namba ya pembe ilitakiwa iwe sifuri au karibu na sifuri. Ilisoma digrii 12 kushoto. Aliandika kwenye boksi.

Akaniomba niuzungushe usukani kulia, polepole sana. Namba zilishuka hadi sifuri, zikaanza kupanda upande wa pili: 20, 40, 60, 80. Zilipokaribia 90 zikaruka hadi zaidi ya 300, zikarudi. Usukani ulikuwa umesogea kiasi cha upana wa kidole. Tulirudia. Zikaruka palepale. Mtu anayeweza kuzungusha usukani zaidi ya nusu mzunguko kwa kufumba na kufumbua hayupo, na kompyuta inalijua hilo. Ndiyo maana iliwasha taa.

Bado hakusema ninunue. Alitoa plastiki za chini ya usukani, akashika waya wa sensa, akautikisa huku akitazama namba. Hazikubadilika. Waya ukiwa na hitilafu, alisema, namba hupotea unapoutikisa. Hazisubiri usukani ufike pembe fulani. Akapima umeme unaofika kwenye plagi: volti 12, umetulia. Akapima waya wa bodi: mzuri. Akatoa nguzo ya betri, akapima zile nyaya mbili ambazo kompyuta za gari huzungumzia. Kipimo kilisoma ohm 60. Kila mwisho wa laini hiyo una kizuizi cha ohm 120, na viwili vikikaa sambamba vinatoa 60. Ingesoma 120 tungejua laini imekatika mahali. Umeme ulikuwa unafika, laini ilikuwa nzima, na sensa ilikuwa inadanganya kwenye pembe ileile kila mara.

"Sasa naweza kukwambia ni sensa," alisema. "Ila una matatizo mawili. Zile digrii 12 si za sensa. Ni za tairodi. Hukupigiwa alaimenti. Ukifunga sensa mpya bila kunyoosha magurudumu, itaanza kazi ikiwa imepotoka, na taa itarudi."

Nilimlipa ya kupima nikapewa kile kipande cha boksi chenye namba zote. Nimekiweka kwenye mfuko wa shati.

Fundi wa Jumatatu alitaja kipuri sahihi, na nampa haki yake. Lakini angenifungia sensa juu ya magurudumu yaliyopinda, bila kuionesha sifuri iko wapi, na taa ingewaka tena kabla sijafika nyumbani. Angesema sensa niliyonunua ni mbovu. Ningenunua nyingine.

Ijumaa

Sensa hiyo haipo Babati. Tuliuliza maduka yote ya vipuri. Mkoa wetu ulimegwa kutoka Arusha mwaka 2002 tukapata makao makuu yetu, lakini vipuri vya namna hii bado tunavifuata Arusha, takriban kilomita 170. Mpya ni ya kuagiza na kusubiri. Ya mtumba, iliyotolewa kwenye gari lililokatwa, ilipatikana kwa simu.

Fundi alisisitiza namba ya kipuri iliyo kwenye lebo ifanane herufi kwa herufi. Sensa mbili zinaweza kufanana kwa sura na kwa plagi, lakini zikaongea lugha tofauti. Muuzaji alituma picha. Ilikuwa na ukungu. Iliyofuata ilikuwa na kidole gumba juu ya namba. Hatimaye namba ikaonekana, ikafanana, nikatuma fedha kwa simu. Makato ya kutuma nilibeba mimi.

Kifurushi kilipakiwa kwenye basi la kwenda Dodoma. Nilijulishwa namba za basi na nikafika stendi kabla ya muda wake. Kwenye dirisha la mizigo kulikuwa na foleni ya watu na foleni nyingine ya mizigo yao, zikiwa zimepishana. Mama aliyekuwa mbele yangu alisubiri vifaranga kutoka Arusha. Vilifika, vikahesabiwa kimoja kimoja mbele ya mashahidi. Nilikuwa mmoja wa mashahidi.

Nilipofika dirishani, kifurushi changu hakikuwa kimeshushwa. Basi lilikuwa limeondoka. Mhudumu alimpigia konda, simu haikupokelewa. Akapiga tena baada ya kuhudumia wengine. Konda akasema kifurushi anacho, amekiweka mbele pale kwa dereva ili kisisahaulike.

Zamani basi la Dodoma lingekuwa bado linahangaika na vumbi na ningeweza kulifuata kwa bodaboda. Siku hizi ni lami tupu, kilomita 251 kutoka Babati hadi Dodoma, iliyozinduliwa Aprili 2018. Ni barabara nzuri na ina faida kubwa kwa biashara yetu. Kifurushi kilikuwa kimeshafika Kondoa.

Jumamosi

Kifurushi kilirudi asubuhi na basi linalopanda Arusha. Nilidaiwa nauli ya kurudi. Nilieleza. Nililipa.

Fundi alitoa nguzo ya betri na kunionesha saa yake. Nyuma ya kifuniko cha usukani kuna mfuko wa hewa wa kumkinga dereva, na unafyatuliwa kwa baruti ndogo. Ukishatoa betri unasubiri sekunde 90 kabla ya kugusa chochote, ili umeme uliobaki uishe. Alisubiri kweli, mikono mfukoni. Nimewahi kuona wasiosubiri.

Sensa ya zamani ilipotoka, ilikuwa na ufa pembeni na alama za bisibisi. Kuna mtu aliwahi kufungua usukani huu, huenda kwa ajili ya honi, akabandua kwa nguvu kilichotakiwa kuachiwa kwa kubonyeza. Ilikuwa kabla gari halijawa langu. Fundi alifunga nyingine, akaupanga katikati ule utepe wa waya unaojiviringisha nyuma ya usukani, ambao una nafasi ya mizunguko miwili na nusu kila upande. Usipopangwa katikati, unakatika siku utakapokata kona kali, na mfuko wa hewa unakatika nao.

Kisha alaimenti, kwa jirani mwenye mashine. Lori la mchele la Magugu lilikuwa mbele yangu tena. Dereva wake alinisalimia kwa jina la gari langu.

Magurudumu yalinyooshwa, usukani ukakaa katikati. Kilichobaki ni kuiambia kompyuta sifuri iko hapa. Tulipogeuka, gereji ilikuwa inafungwa. Ilikuwa siku ya mechi, Fountain Gate walikuwa wanacheza uwanja wa Tanzanite Kwaraa, na mafundi wote walikuwa wameshavaa jezi. Fundi wangu aliniomba radhi kwa adabu, akasema wakimaliza tu atarudi. Nilikaa ndani ya gari, madirisha wazi, nikifuata mchezo kwa kelele za uwanjani. Kelele hazisemi nani amefunga.

Alirudi jua likielekea kuzama. Kupanga sifuri kunataka gari lisimame mahali tambarare, usukani umenyooka, pasiwe na mtu wa kuligusa wala kulitikisa. Babati iko miguuni mwa mlima na inateremka kuelekea ziwani. Kutafuta tambarare kulichukua muda. Tulipata uwanja mdogo nyuma ya ghala, fundi akapima kwa chupa ya maji iliyolazwa, akaridhika. Alianza. Mzee ninayemfahamu akapita, akaniona, akaegemea mlango ili anisalimie vizuri. Mashine ikakataa. Tulisalimiana hadi mwisho, habari za nyumbani, habari za mashamba, habari za mvua. Alipoondoka tukaanza upya.

Safari hii ikakubali. Tulikwenda kuelekea Bonga na kurudi, fundi ameshika mashine. Njia iliponyooka, namba ilisoma sifuri, mara nyingine 1, ikarudi sifuri. Tulipokata kona kulia, ilipanda 60, 80, 90, 100 bila kuruka. Taa za njano hazikuwaka. Fundi alifuta misimbo, akazima gari, akawasha, akasoma tena kuhakikisha. Nilimlipa pungufu ya alichostahili, ndicho alichodai.

Jumapili

Asubuhi taa zote ziliwaka na zote zikazimika. Mke wangu alihesabu pamoja nami. Tulipanda Bashnet kumwona mama. Barabara ilikuwa kavu. Mvua ilikuwa imehamia Magugu.

Wakati wa kurudi nilipita gereji ya Jumatatu kufuata kofia niliyoisahau kwenye lile tairi. Fundi mkuu alitazama dashibodi kupitia dirishani.

"Nilikwambia ni sensa, mzee."

Nilitoa kipande cha boksi mfukoni nikamwonesha: betri, fyuzi, digrii 12, mahali namba iliporuka, ohm 60, alaimenti, sifuri. Alikisoma chote, polepole. Akaniuliza mashine ile bei gani na inapatikana wapi. Nilimpa namba ya kijana wa barabara ya Singida. Kofia haikuonekana.

Wewe mwenye gari lenye taa hiyo, hapa Babati au kwingine, usiifunike. Ukiambiwa ununue sensa ya usukani, omba kwanza uoneshwe namba ya pembe usukani ukiwa umenyooka, na uoneshwe inavyopanda unapouzungusha polepole. Mweleze fundi kila kilichofunguliwa karibuni, hata akisema hakihusiani. Kabla hujatoa fedha, muulize atakayeifunga kama anaweza kuipanga sifuri baada ya alaimenti. Kama hawezi, mtafute anayeweza, na omba uandikiwe namba zote kwenye karatasi.